Sauti ya Mama Kwenye Basi

Tarehe 6 Machi

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. U mzima? Kifua kimetulia, au baridi bado inakusumbua? Unakula chakula cha moto, au bado ni yale yale ya soda na mkate? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Shemeji yako mgongo umemshika tena. Alilala kutwa nzima chini ya lori la watu akilitengeneza, kwenye sakafu ya saruji. Nikamwambia, baba, wewe si kijana. Akanijibu, "Lori ndilo lisilojua." Binti yangu mkubwa amevunja uchumba na yule karani, na mimi nimefurahi ingawa mbele yake nimejifanya kusikitika. Nyumba ya mama ipo vile vile. Naifagia kila Jumamosi, chumba chako pia.

Namba yako ya simu haipatikani tangu mama alipofariki mwaka jana. Yule mwanamke wa ndani ya simu ameniambia "jaribu tena baadaye" mpaka nimemzoea kama wifi. Ndiyo maana nimeandika barua na kuipeleka kwenye dirisha la vifurushi la mabasi. Mahali ulipo nimepajua kwa mdomo wako mwenyewe, maana unajitangaza mwanzoni mwa filamu unazozitilia sauti: studio ya Redio, nyuma ya duka la simu, mkabala na stendi kuu. Redio, jina la utani tulilokupa nyumbani kwa sababu ulikuwa unaiga sauti ya kila mtu, leo unaliuzia filamu.

Salamu hizo nimezitoa huku nimeuma meno. Sasa nisikilize.

Wiki iliyopita kiwanda kilinituma mji wa jirani kuchukua majora ya kitambaa, maana shule zimeagiza sare za bluu na hazijashonwa hata nusu. Nikapanda basi la asubuhi. Nikapewa kiti cha dirishani, dirisha lenyewe halifungi, vumbi lote la barabara likawa langu. Juu ya kichwa cha dereva wameweka televisheni. Konda akachomeka filamu kabla hata hatujatoka mjini.

Unanijua, filamu siziwezi. Watu wanaingia kwenye nyumba ya mtu bila hodi. Wanapigana risasi bila kusalimiana. Mtu anakula mezani, anainuka, chakula kinabaki, wala hakuna anayeuliza kimepikwa na nani. Lakini safari ile nilitazama, kwa sababu niliisikia sauti yako. Ulikuwa polisi, ulikuwa jambazi, ulikuwa mke wa jambazi, na mbwa pia ulikuwa wewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Huyu Redio ni balaa!" Jirani yangu wa kiti, mama muuza mayai aliyepakata trei zake, akanitazama ninavyotabasamu. "Unamjua?" Nikamjibu kwa kiburi, Mungu anisamehe, "Ni ndugu yangu. Tumenyonya ziwa moja."

Kiburi hakikufika mbali. Ikaja sehemu ya mama yake jambazi. Mwanamke mzee amelala kitandani, anakata roho, mwanawe hayupo. Watu wamemzunguka. Akafungua mdomo kidogo. Na wewe ukamtilia sauti. Si sauti ya kubuni! Ukamtilia sauti ya mama yetu, na kile kikohozi chake cha kukwaruza, ukasema: "Mwacheni."

Basi zima likaangua kicheko.

Tulipofika kituo cha mafuta watu walishuka kujisaidia, na tulipotaka kuondoka baba mmoja mtu mzima akawa amechelewa. Dereva akauliza, "Wote?" Konda akapaza sauti ile ile, na kikohozi juu yake: "Mwacheeeni!" Wakacheka tena. Gari likaanza kutembea, na yule baba anakimbia ameshika suruali kwa mkono mmoja.

Mimi ambaye hata kwenye sala nasema polepole, nilisimama. "Simamisha gari! Simamisha, au nashuka nalala mbele ya matairi!" Konda akasema, "Mama, huo ni utani wa filamu tu." Nikamwambia, "Filamu gani? Huyo ni mama yangu!" Gari lilisimama. Yule baba akapanda. Muuza mayai akavuta trei zake mbali nami kama vile nina kichaa cha mbwa.

Sasa nijibu. Kwanza, umethubutuje kumfanya mama yako kichekesho cha safari? Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: neno lile la mwisho alilisema chumbani kwake, mlango umefungwa, tuliokuwepo ni mimi na Mjomba. Wewe hukuwepo. Tulikuita, hukufika kumuuguza, hukufika kumzika, na mpaka leo hujatia mguu. Neno hilo sijawahi kukwambia. Mjomba na wazee aliowasimulia msibani nimewauliza, wote wameapa kwamba hawajaongea nawe. Basi limekufikaje?

Liondoe kwenye filamu hiyo. Na unijibu.

Dada yako

*

Tarehe 29 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako imenifikia ikinuka samaki, nadhani konda aliifunga na mzigo wa mtu. Mimi mzima. Kifua kinakwenda kinarudi. Chakula cha moto nakula Jumapili. Mpe pole shemeji, na mwambie binti kwamba karani yule hata mimi nilimwona mara moja tu nikajua ni mtu wa kuhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mwenzake.

Kuliondoa kwenye filamu haiwezekani. Maji yakimwagika hayazoleki. Ikitoka hapa leo, jioni inauzwa stendi, kesho iko kwenye kila basi na kila kibanda, na watu ninaotaka kuwakataza hata sura zao sizijui.

Unadhani kazi hii ni mzaha. Njoo uone. Chumba hakina dirisha, kuta zote tumezibandika trei za mayai ili kelele za stendi zisiingie. Feni haiwashwi kwa sababu inasikika. Mimi peke yangu na kipaza sauti, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi. Lugha ya filamu zenyewe sijui hata kuombea maji. Natazama midomo ya watu na kukisia. Mdomo ukifunguka sana naweka maneno mengi, ukifunguka kidogo naweka machache. Yule bibi wa kitandani mdomo wake ulifunguka kwa neno moja tu. Nikaweka moja.

Umeniuliza limenifikaje. Neno lina miguu, Dada. Hilo ndilo jibu langu, na usiniulize tena.

Namba ya simu sikupi. Nikisikia unaniita "mdogo wangu" kwa ile sauti yako, hasira yangu itanywea, na mimi hasira hii bado naihitaji. Ukitaka kugombana nami, gombana kwa kalamu.

Na usiniambie habari ya kufika na kutofika. Mlifanya mlivyotaka. Ninyi endeleeni kukaa chini ya turubai lenu lililopasuka katikati, mkalifunga kwa kamba ya kiatu, mkiamua nani ni mtoto wa nyumba na nani si mtoto. Mimi nina filamu tatu za kumaliza wiki hii, na katika zote tatu watu wanakufa vizuri zaidi kuliko kwetu.

Redio

*

Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Huku mvua imeanza na paa la kiwanda linavuja juu ya cherehani yangu, si juu ya cherehani ya mtu mwingine. Nashona nimejifunika nailoni kama mzigo. Shemeji yako sasa anatembea akiwa amenyooka. Binti amepata kazi dukani na ameanza kuniita "mama mteja", anafanya mazoezi ya heshima kwangu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mara ya kwanza nilitaka kuichana. Mara ya pili nilifika kwenye mstari wa turubai, nikaurudia kwa kidole.

Turubai lile tuliliazima kwa jirani asubuhi ya mazishi. Lilipasuka tulipokuwa tunalitandaza. Shemeji yako akavua kamba ya kiatu chake cha kulia, akalifunga, akashinda siku nzima anaburuta kiatu. Kesho yake alfajiri jirani alilichukua, na kabla ya mwezi kwisha akawa ameliuza. Hakuna aliyelipiga picha. Hakuna mtu mwenye akili anayemsimulia mwenzake habari ya kamba ya kiatu kwenye msiba. Aliyeiona kamba ile ni aliyekuwepo.

Ulikuja!

Ulikuja na hukuniambia. Mwaka mzima karibu unaisha nakuombea kwa Mungu akusamehe kwa kutomzika mama yako, kumbe ulikuwa hapo. Ulikaa wapi? Uliondoka saa ngapi? Ulimwona nani, na kwa nini hukuniona mimi? Nimekasirika mpaka nimeshona mfuko wa shati mgongoni, msimamizi akaninyooshea lile shati mbele ya watu wote, "Huyu mwanafunzi kalamu atazichomoaje?"

Kuna jambo lingine, na sikutaka kukuandikia, lakini siku zinakwenda. Mjomba anataka kumpangisha kinyozi chumba chako, kwa sababu dirisha lake linatazama barabara. Anasema wewe si mtu wa nyumba ile tena. Watu wakimwuliza kwa nini, anasema marehemu mwenyewe alishamaliza. Ameitisha kikao cha ukoo. Mimi ni mwanamke mmoja, na Mjomba ni kaka wa mama, unajua anavyosikilizwa hata akipiga chafya.

Niambie ukweli nijue nasimamia nini.

Dada yako

*

Tarehe 20 Mei

Redio,

Sisi wazima. Kikao kimeahirishwa mara moja kwa sababu ya mvua, hakitaahirishwa tena. Kinyozi ameshakuja kupima ukuta wa kutundika vioo vyake. Nimempa maji ya kunywa kwa sababu ya dini yangu, lakini sikumpa kiti.

Ukikaa kimya tena nitajua kwamba kweli hutaki kuwa mtu wetu.

Dada

*

Tarehe 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Kwa kuchelewa huku sikuombi radhi. Nilianza barua hii mara nyingi, na kila nikianza naona naandika kwa sauti ya mtu mwingine, jambazi au polisi. Sauti yangu mwenyewe nilishasahau ilivyo. Leo nimeamua iwe vyovyote.

Uliponipigia siku ile kwamba mama amezidiwa, nilitoka studio na shati hili hili nililolivaa leo. Nikapata basi. Katikati ya safari mto ulikuwa umepita juu ya daraja. Magari yamepanga foleni pande zote mbili, watu wamekaa kwenye matope, wengine wanachoma mahindi na kuuza. Simu ikaisha chaji. Dereva wetu akasema, "Mimi sivuki, nina watoto." Nikavua viatu, nikavuka kwa miguu nimeshika kamba pamoja na watu wengine, maji kiunoni. Ng'ambo nikaomba lifti kwenye lori la mchanga, nikakaa juu ya mchanga. Kwenye filamu safari kama hiyo wanaiwekea muziki, na mtu akifika anafunguliwa mlango.

Nilifika jua linazama. Nilipita makaburini kwanza kwa sababu niliona watu wanatoka huko. Mchimba kaburi alikuwa anaosha beleshi lake bombani. Nikamwuliza nani amezikwa. Akanitajia.

Hamkunisubiri hata usiku mmoja, Dada.

Nikaenda nyumbani hata hivyo. Nilipita nyuma, upande wa jikoni, kwa sababu nilikuwa matope mwili mzima na sikutaka watu wanione hivyo kabla sijaoga. Nikasimama pale penye pipa. Turubai lilikuwa mbele yangu kabisa, na ile kamba. Nikasikia mtu anauliza, "Na yule kijana wa marehemu yuko wapi? Hamkumsubiri?" Mjomba akajibu kwa sauti yake ya mkutanoni: "Marehemu mwenyewe amekataa. Nilimwambia mwanao hajafika, tumsubiri mpaka lini? Akasema, mwacheni. Akakata roho. Sasa nani atavunja neno la marehemu?" Watu wakaguna kukubali.

Wewe ulikuwa umekaa palepale, na birika mkononi. Nilikuona kwa pembeni. Nilingoja useme kitu. Ukainuka, ukammiminia Mjomba chai.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nikalala stendi, nikarudi na basi la kwanza, nikaizima laini ya simu.

Kuhusu filamu, unasema nimemfanya mama kichekesho. Nilipoletewa ile filamu na nikamwona yule bibi kitandani, nilitaka kulisikia. Neno hilo mimi nimelisikia kwa mdomo wa Mjomba tu. Nilitaka kulisikia kwa mdomo wa mama. Nikalisema kwa ukali, likaniuma. Nikalisema kwa upole, likaniuma zaidi. Nikalisema kama mtu aliyechoka. Nimelirudia mpaka Bosi, mwenye studio, akagonga mlango, "Redio, unafanya nini humo, neno moja tangu asubuhi?" Akasikiliza yote. Akasema, "Hiyo yenye kikohozi. Hiyo hiyo. Watu watacheka." Na wakacheka. Mimi sijaitazama tangu siku ile.

Kinyozi mpeni chumba. Mama alishasema, na wewe ulikubali kwa birika.

Redio

*

Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi wazima wote, Mungu asifiwe, ila mimi sijatulia. Barua yako imefika jana mchana, nikaisomea chooni kiwandani kwa sababu ndipo penye komeo. Msimamizi akaja kugonga. Nikamwambia naumwa, na haikuwa uongo.

Kwanza nikugombeze. Ulivuka mto ukiwa na maji kiunoni, ukaja ukasimama penye pipa, na ukashindwa kukohoa? Ungekohoa tu! Ungeangusha kifuniko! Wewe unayeweza kuwa mbwa na polisi kwa wakati mmoja ulikosa sauti ya kusema "Dada, nipo hapa"? Ningelitupa lile birika usoni pa Mjomba. Au nisingelitupa, sijui. Lakini ungenipa nafasi ya kuonekana mimi ni mtu gani. Uliniangalia kwa pembeni, ukanihukumu kwa pembeni, ukaondoka na hukumu yako, na mimi nikabaki nafagia chumba chako kila Jumamosi kama mjinga. Tope lako tungeliosha. Nani alikwambia mtoto wa marehemu haingii kwao na matope?

Sasa kikao. Kilikuwa leo, baada ya sala. Tulikaa sebuleni kwa mama, wazee kwenye viti, sisi kwenye mkeka. Mjomba akakohoa akaanza. "Chumba kile ni kitupu. Mwenyewe alishaachwa na marehemu, kwa ulimi wake, mimi nikiwepo."

Mama mdogo akauliza, "Aliachwa vipi?"

"Alisema mwacheni. Mwacheni maana yake mwacheni. Kiswahili si kigumu hicho."

Nikasimama. Sijawahi kusimama kwenye kikao, unajua. Nikasema, "Mjomba, mwacheni nini?"

"Nini nini?"

"Mtu husema mwacheni ale. Mwacheni alale. Mwacheni aje. Mama alisema mwacheni nini?"

"Wewe mshona kaptula unataka kunifundisha Kiswahili?"

Mama mdogo akadakia, "Lakini ana neno, kaka. Mimi nikisema mwacheni mtoto, nina maana msimpige. Sina maana mkamtupe." Mama mdogo wa pili akasema yeye alivyomjua dada yake, mwacheni ingekuwa "mwacheni, anakuja huyo, msimseme." Mzee mmoja akasema hapana, kwa mgonjwa ni "mwacheni, msihangaike." Kelele zikapanda, kila mtu anasema mwacheni kwa sauti yake, ungedhani tunafukuza kuku. Mjomba akapiga kiganja mezani.

"Kimya! Wewe ndiye uliyeshika kichwa chake. Haya, tuambie. Alitaka kusema nini?"

Watu wote wakanigeukia. Mdogo wangu, hapo nilitaka kudanganya. Mungu ndiye shahidi. "Mwacheni aje." Neno moja tu la kuongeza, na mambo yangekwisha, kinyozi angekwenda na vioo vyake, na wewe ungelala usingizi. Ulimi ulikuwa tayari. Nikashindwa. Siwezi kumtilia mama maneno mdomoni, hata ya kukupendelea wewe.

Nikawaambia kilichotokea. Mjomba alipomwuliza tukusubiri mpaka lini, mama alifumbua macho. Alisema, "Mwacheni." Akashikwa na kikohozi. Kilipotulia mdomo wake ukafunguka tena, alikuwa anaendelea, niliona ulimi umeinuka. Pumzi haikutosha. Hakumaliza. Mjomba alikuwa ameshageuka kwenda mlangoni kuita watu, kwa hiyo hakuliona hilo. Nililiona mimi.

"Kwa hiyo alitaka kusema nini?" Mjomba akarudia.

"Sijui," nikasema. "Na wewe hujui. Na mtu asiyejua hafukuzi mtoto wa watu kwa nusu ya neno."

Hiyo "sijui" ndiyo iliyonikalisha na birika siku ile. Ulidhani nakubali. Nilikuwa natafuta kwa nini mdomo ulifunguka mara ya pili. Chai ilikuwa ya kuipa mikono kazi. Ukitaka kunikasirikia kwa sababu sikumkatiza Mjomba mbele ya watu, kasirika, una haki. Lakini usiseme nilikubali.

Mjomba alinyanyuka ameudhika. Akasema, "Basi aje mwenyewe, tumsikie. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Asipokuja, kinyozi anaingia Jumatatu." Mama mdogo akasema hayo ni sawa, na wazee wakakubali. Zaidi ya hapo sikuweza kupata.

Jioni hii nimefanya jambo moja bila kumwuliza mtu. Nimembebesha shemeji yako cherehani yangu ya nyumbani, na mgongo wake ule, tukaihamishia chumbani kwako. Nimeiweka hapo penye dirisha ambapo kinyozi anataka kuweka kiti chake. Hapo ndipo ninapokuandikia. Vumbi la barabara linaingia, na nimeshaanza kukohoa.

Hasira yangu nawe haijaisha, usidhani. Njoo tugombane uso kwa uso, unipe yako yote na mimi nikupe yangu, mezani, na chakula cha moto kiwepo. Daraja limetengenezwa, konda wa basi la asubuhi ameniambia. Mama hakumaliza neno lake, na mimi sitalimalizia. Langu nalimaliza mwenyewe, na halina maana ya pili: njoo.

Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja, unakuja au huji.

Dada yako